Jelatini ya ngozi ya sangara: mavuno hayatoki kwenye moto

Ngozi za sangara zinazobaki kwenye meza za kukatia minofu kandokando ya Ziwa Victoria hutoa jelatini nzuri, tena isiyo na swali la nguruwe wala la uchinjaji. Kinachoiharibu mara nyingi ni moto. Mtu akiona haitoki, anachemsha. Itatoka nyingi kweli, lakini minyororo ya kolajeni (protini ya ngozi inayogeuka jelatini) imeshakatikatika na jeli inakuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Mavuno yaongezwe mapema, kwenye kuloweka.

Kwa kilo 1 ya ngozi mbichi, kwangua magamba, nyama na mafuta yote, kisha katakata vipande vya sentimita 2. Ukiacha vikubwa, asidi hulainisha nje na katikati hubaki pagumu.

Loweka kwanza kwenye kostiki ya watengeneza sabuni: gramu 12 katika lita 6 za maji baridi, nusu saa, mwaga, rudia mara moja. Hii huondoa protini nyingine, rangi na sehemu ya harufu. Kostiki ndiyo itiwe kwenye maji, si maji kwenye kostiki. Vaa glovu, na usitumie chombo cha alumini kwa sababu kitalika. Ukizidisha muda au maji yakiwa ya uvuguvugu, kolajeni yenyewe inaanza kwenda na maji. Suuza mpaka pH (kipimo cha uasidi) ifike 7 au 8.

Halafu siki nyeupe ya asilimia 5: mililita 360 katika lita 6, saa 3, barafu ikiwa karibu maana joto lisipite nyuzi 20. Ngozi ivimbe, iwe laini na nusu uwazi. Isipovimba, ama kostiki haikusuuzwa vizuri ikaila asidi, ama siki ni hafifu kuliko lebo inavyodai (jambo la kawaida). Suuza tena hadi pH 4 au 5.

Sasa ndiyo moto. Lita 3 za maji yasiyo na chumvichumvi, sufuria ndani ya sufuria, kipimajoto ndani, nyuzi 50 hadi 55 kwa saa 5. Chuja kwa kitambaa, engua mafuta. Masalia yatie maji mapya kwa nyuzi 60, kisha 70. Usichanganye mikamuo hii: wa kwanza ndio wenye nguvu na rangi safi, wa tatu unafaa gundi au kukoleza supu.

Kukausha kunawashinda wengi. Jeli hii huyeyuka karibu na nyuzi 25, kwa hiyo trei iliyoachwa sebuleni mchana wa joto hurudi kuwa maji, na bakteria hawachelewi. Mimina unene wa milimita 3, weka kwenye baridi yenye feni mpaka iwe kama ngozi, ndipo upandishe hadi 40.

Kupima nguvu, yeyusha gramu 7.5 katika mililita 105 za maji, weka nyuzi 10 kwa saa 16 hadi 18. Maabara hubonyeza kwa kidude cha kipenyo cha milimita 12.7 kwa kina cha milimita 4. Gramu zinazohitajika ndizo Bloom, yaani kipimo cha nguvu ya jeli. Bila mashine, tengeneza jelatini ya dukani kwa kipimo hichohicho, ubonyeze zote mbili kwa kidole.