Chaji iliyokuwa inayeyuka: nimepata mchawi

Wiki tatu simu yangu (Android 10, laini mbili) ilinitesa. Natoka Dodoma mjini asubuhi ina asilimia 100, nikifika shambani upande wa Bahi saa sita mchana imebaki 30, na mfukoni ina joto kama chapati.

Nilibadilisha chaja. Nikapunguza mwanga, nikafuta programu kibao. Fundi wa Majengo akataka kuniuzia betri mpya, nikamwambia ngoja kwanza.

Kosa langu lilikuwa muda wa kuangalia. Nilikuwa nafungua Mipangilio, Betri, kisha Matumizi ya betri, ila usiku nikishachomoa chaja. Kwenye simu yangu orodha ile huhesabu tangu chaji ilipojaa mara ya mwisho, kwa hiyo ikijaa tu, ushahidi wote umefutika! Juzi nikaifungua nikiwa bado shambani, kabla ya kuchaji. Juu kabisa, kuliko hata kioo, ulikaa mtandao wa simu.

Laini ya pili haishiki kule. Simu ilikuwa inautafuta mnara kutwa nzima, na kutafuta huko kunakula chaji sana.

Nikaingia kwenye mipangilio ya laini, nikaizima ya pili. Nikirudi mjini naiwasha (namba ya pesa iko humo, siwezi kuitupa). Jana nimerudi saa kumi na mbili jioni na asilimia 61. Betri ni ileile.