Fildi yangu niliifanyia Gerezani, kwenye duka la misumari

Aliyeniponza ni kaka yangu. "Mdogo wangu, vaa tai. Ukienda ofisi za watu bila tai, hata mlinzi hakuoni." Nikaenda mitumbani Karume, nikachukua tai ya buluu na viatu vilivyonibana kidole gumba, vyote kama elfu kumi na tano hivi. Zililimega bumu langu, yaani mkopo wa kujikimu chuoni, ambalo enzi zetu lilikuwa 8,500 kwa siku na kila likiingia linawakuta wadai wamekaa mlangoni.

Nilikuwa mwaka wa pili, nasoma uhasibu, natafuta pa kufanyia fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Chuoni wimbo ulikuwa mmoja: tafuta benki au shirika kubwa, la sivyo umeumia. Hata wanaofundisha waliuimba. Basi nikatembeza barua Posta, Samora, Upanga, kwa miguu, kidole kinawaka moto. Nilizihesabu, zilikuwa ishirini na tatu. Nyingi ziliishia mikononi mwa walinzi.

Ofisi moja, jina siitaji, nilirudi baada ya wiki mbili kuulizia. Dada wa mapokezi akanijibu kwa upole kabisa: "Barua yako inafanyiwa kazi." Nikashukuru. Nilipoinama kuokota kalamu nikaiona. Bahasha yangu ya kaki, na mwandiko wangu juu yake, imekunjwa mara nne na kusokomezwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Siwezi kumlaumu, dada alisema kweli. Katika barua zote ishirini na tatu, hiyo peke yake ndiyo iliyopata ajira.

Zikabaki siku tisa fildi ianze. Mjomba akanituma Gerezani, Kariakoo, nimnunulie mabati. Mwenye duka, mimi nitamwita Hajji, alikuwa kwenye kaunta na daftari la madeni lenye jalada lililochakaa, analipekua mbele na nyuma. "Hivi fundi wa Tandika alimaliza?" Kijana wa kwanza hajui. Wa pili anasema nadhani. Hajji akafunga daftari na kusonya.

Hapo ndipo akili ilinikaa sawa. Sikumwomba fildi, nilimwomba kurasa nne nizipige picha kwa simu. Alikataa, na ni haki yake, daftari la madeni ni siri ya mtu. Ilibidi mjomba aongee naye kwenye simu karibu dakika kumi. Usiku ule nikakaa stationari ya Mwenge hadi mwenyewe anafunga, nikapanga madeni yale kwa umri: chini ya siku 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na yaliyopitiliza. Darasani tunafundishwa hilo kwa dakika ishirini halafu tunalisahau. Nikatoa karatasi moja tu. Nikalipa elfu moja na ushee.

Asubuhi nikampelekea. Hajji akashusha kidole taratibu kwenye safu ya mwisho, kikakwama. Milioni mbili na laki nne, zaidi ya siku 90. Mdaiwa: shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye kila Ijumaa wanakula pilau sinia moja. Akakaa kimya. Kisha akamwambia kijana, "Mletee huyu kiti."

Barua ya chuo nikaibadilisha iwe ya duka la Hajji, hiyo si kazi. Marafiki zangu wakanicheka hadi wakachoka. Mmoja alikuwa kapata ofisi yenye kiyoyozi, akaniuliza kama nitapewa cheti au kilo ya misumari.

Sasa nieleze aibu yangu, maana wengi huiruka sehemu hii wakisimulia. Wiki ya pili niliingiza daftari zima kwenye Excel, kwenye kompyuta ya zamani ya dukani. Nikatoa orodha ya wadaiwa sugu, Hajji akaanza kupiga simu. Siku ileile akaingia mama mmoja wa Mbagala, mteja mkubwa wa rangi, kashika risiti juu kama tochi. "Mzigo nimechukua tarehe tano mwezi wa nane. Leo tarehe kumi na mbili mwezi wa nane. Miezi mitatu imetoka wapi?" Duka zima likanigeukia. Karatasi yangu ilisema siku 96.

Kumbe ile kompyuta ilisoma tarehe Kimarekani, mwezi kwanza. 5/8 yangu yenyewe iliiona Mei 8. Na tarehe kama 25/7, kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini na tano, iliziacha kama maandishi matupu, na madeni yake hayakuingia kwenye hesabu ya umri kabisa. Kwa hiyo niliwadai wasiodaiwa na kuwasamehe wanaodaiwa! Dalili ilikuwepo mbele ya macho yangu siku zote: tarehe halisi husimama upande wa kulia wa kisanduku, maandishi hulalia kushoto. Kama unasoma uhasibu, hilo likariri kabla ya madesa yako yote. Tangu siku ile mwezi nauandika kwa herufi.

Hajji hakunifukuza. "Muombe mama radhi, mbebee makopo." Nikayabeba hadi kwenye bajaji. Hajji alinibatiza "mhasibu wa kompyuta", na hadi fildi inaisha hakuniita jina lingine.

Mengine niliyajua kwa kuyafanya. Jioni unatoa ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku, kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, unailinganisha na fedha za droo na zilizoingia kwa simu, na zikipishana hakuna kulala. Ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Msimamizi kutoka chuoni alipokuja akakosa kiti, akakalia ndoo ya rangi, uso kaukunja. Nilipomwonyesha vitabu aliukunjua. Alikaa saa nzima, na akaondoka na bei ya mabati.

Kwenye usaili wangu wa kwanza wa maana, kampuni ya usambazaji, tulikuwa sita. Wakauliza swali lao la siku zote: tueleze kosa ulilowahi kufanya kazini. Waliotangulia, waliniambia nje baadaye, walijibu kwamba kosa lao ni kujituma kupita kiasi. Mimi nikawapa mama wa Mbagala, na siku 96, na makopo. Mkuu wa fedha alicheka, kisha akauliza maswali manne mfululizo kuhusu tarehe tu. Nilianza kazi mwezi uliofuata.

Sisemi GPA, wastani wa alama za chuo, haina maana. Anayesema hivyo ama ana 4.5 au ana baba. Yangu ilikuwa ya kawaida, ya kutosha kupita mlangoni. Na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, usiiahirishe, huwa Mei na Novemba. Ukisema ngoja nipumzike kidogo, utapumzika miaka minne kama yule rafiki yangu wa kiyoyozi. Mshahara wenyewe usiupigie hesabu yote: kama ulikopa, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi kabla hujauona.

Siku hizi kila Julai napokea vijana wawili wa fildi. Wa mwaka huu mmoja alikuja na tai, kabana hadi shingo imevimba. Nikamwambia aivue, nikampa daftari na kumtuma stoo akahesabu maboksi. Alipotoka, saa nane mchana na vumbi hadi kwenye kope, alisema, "Kaka, yanapungua kumi na moja." Nikamwambia arudi ahesabu tena. Yakapungua kumi na moja.

Hajji bado naye tunasalimiana, juzi nimepita dukani. Daftari limekuwa programu kwenye simu ya mwanawe. Nikauliza kuhusu shemeji. Amelipa laki tatu.