Mashua ya Baba Ilivyojilipia Mbao Zake

Baba alipofariki, mashua yake ilibaki ufukweni Bweni, ng'ambo ya mto hapa Pangani, imelalia ubavu chini ya mkungu. Masika mbili zikaipitia hapo. Nilipompeleka fundi aitazame, aliizunguka akiigonga kwa mpini wa nyundo, ubao kwa ubao, sikio kaliweka karibu. Mkuku, ule uti wa chini wa mashua, mzima, akasema. Mataruma, yaani mbavu za ndani, saba yamekufa, na mbao za chini kwenye tezi, nyuma ya mashua, zimeliwa na wadudu wa maji. Mbao, misumari, pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao na ufundi wake: shilingi 1,450,000. Mimi ni mkaanga samaki sokoni. Nilikuwa na 700,000.

Ndani mlikuwa na injini ya dizeli ya silinda moja, iliyokufa tangu ilipoingia maji ya chumvi. Wadogo zangu na mimi tulishakubaliana mashua irudi kwenye tanga, kwa hiyo injini haikuwa na kazi tena kwetu. Mnunuzi wa skrepa alinifikia siku ile ile nilipoanza kuulizia. Akaahidi 250,000, achukue vyuma na shaba yote kwa mkupuo. Nilitaka kupokea. Fundi akaniita pembeni: "Binti, usipime kwa kilo kitu ambacho kuna mtu anakihangaikia usiku na mchana."

Maneno yale yalinifanya nikae wiki nzima nikiuliza nani anahangaikia nini.

Kwanza nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi kwenye mwalo wetu, nikapata barua kwamba mashua ni ya marehemu baba na warithi tumeridhia kuuza vifaa. Usidharau barua hii. Mashine na vifaa vya boti vinaibwa sana pwani, na mnunuzi mwenye akili hanunui propela mkononi mwa mtu asiye na karatasi. Kila nilichouza nilikiandika kwenye daftari, mnunuzi akatia saini.

Kuifungua injini ndiko kulikotuchosha. Bolti zilikuwa zimeshikana kwa kutu, tukazilowesha dizeli usiku kucha, asubuhi tunagonga kidogo kidogo, hazitoki, tunalowesha tena. Kila kilichotoka tulikiosha kwa maji baridi ya kisima, tukakikausha juani, tukakipaka grisi. Chuma kilichokaa na chumvi kikiachwa hivi hivi, siku tatu tu kinabadilika rangi, na bei nayo inashuka.

Propela ilikuwa ya shaba, kilo 9. Kwa skrepa ingekuwa 63,000. Nahodha mmoja wa Kipumbwi, aliyevunja ya kwake kwenye mwamba, aliichukua kwa 180,000 na kunishukuru juu. Shafti tuliibiringisha kwenye sakafu ya saruji aone kwamba haijapinda. Pamoja na bomba lake akaongeza 120,000.

Kilichonifungua macho ni pampu ya dizeli. Wavuvi wote niliowauliza walisema injini ya aina ile ni ya zamani, hawaitumii. Nikiwa nimekata tamaa, nikasikia mashine ya kusaga inaunguruma kijijini, na mlio wake ni ule ule wa mashua ya baba! Kumbe injini zile ndizo zinazosaga mahindi. Nikafunga pampu, nozeli na silinda hedi kwenye kiroba, nikapanda basi la Muheza, nikawa nashuka kila penye mashine ya kusaga. Ya tatu, mzee mwenye mashine aliishika nozeli, akaielekeza kwenye mwanga, akanyamaza muda mrefu. Wateja wake walikuwa wamesimama na ndoo zao, mashine imezimika tangu juzi. Pampu na nozeli 140,000, hedi 150,000. Hakupunguza hata shilingi.

Kwenye mbao nilikosea. Mbao za juu zilizotolewa zilikuwa mvule mzuri, nikamuuzia seremala kwa 85,000 atengeneze mabenchi. Ndani ya ubao mmoja mlibaki kipande cha msumari, kimekatikia humo, juu kimezibwa na rangi. Kikamvunjia meno ya msumeno wa umeme. Nilimlipa 35,000, na ilikuwa haki yake. Tangu hapo nilipitisha sumaku ya spika bovu juu ya kila ubao kabla ya kuutoa, na inaponasa tunachimbua kwa patasi.

Yale mataruma yaliyooza nilikuwa nimeyarundika niyafanye kuni za kukaangia. Fundi alipoona alipaza sauti, kitu ambacho si kawaida yake. Taruma bovu ndilo kiolezo cha jipya: analilaza juu ya gogo lililopinda kiasili, anachora kwa mkaa, anachonga. Likishachomwa, umbo la mashua limepotea pale pale.

Bloku ya injini peke yake ndiyo iliyokwenda skrepa, 75,000. Jumla mkononi ikawa 715,000 baada ya kutoa ule msumeno. Zilizopungua, 35,000, zilitoka kwenye karai langu.

Tuliishusha kwenye bamvua, maji yakiwa makubwa, tukaiacha siku mbili imejaa maji ili mbao zivimbe na kuibana pamba. Siku ya tatu mdogo wangu alikumba ngama, maji ya ndani ya mashua, kwa upo, kata ile ile ya baba, na jioni alipochungulia tena, ndani mlikuwa na unyevu tu.

Flaiwili, lile gurudumu zito la injini, bado ninayo, imepakwa grisi, imefungwa kwenye gunia nyuma ya mlango. Mzee wa Muheza amepiga simu mara mbili kuulizia uzito wake.