Bibi Alipolikataa Neno "Mwasi"

Mwaka 1998 nilichaguliwa kuingia kidato cha tano. Baba alikuwa na lake: niende Dar es Salaam nikauze dukani kwa kaka yake, masomo yangoje. Nikamjibu, "Siendi." Sikuwahi kumtamkia hivyo, tena uani, majirani wanasikia.

"Basi umeniasi," akasema. "Wewe ni mwasi."

Bibi alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi. Mkono wake ukasimama, kifuu kimeng'ang'ania meno ya mbuzi, vipande viwili vitatu vya nazi vikadondoka nje ya sinia. Bibi yangu hakuwa mtu wa kumwaga nazi.

"Baba," alimwita mwanawe, "neno hilo lirudishe. Mwaka sitini na nne tulikuwa Magomeni, wewe umeshika kanga yangu. Askari wa kambi ya Colito walipoasi waliwakamata maofisa wao, wakaingia mjini na bunduki, sisi tukajifungia ndani. Wale ndio waasi. Huyu mke mwenzangu amekukatalia, na kesho ndiye atakayekuchemshia chai. Huyu mkaidi. Sema mkaidi."

Kwetu Tanga neno hilo halikuwa dogo. Chuoni, tulikosomea Kurani, tulifundishwa kwamba maasi ni madhambi, na kuwaasi wazazi ni katika yale makubwa. Mtoto aliyeitwa mwasi na babake mzazi hubaki akijiuliza kama bado ana radhi. Nilitetemeka kweli.

Nimeishi na maneno hayo mawili tangu siku ile. Askari huasi jeshi, mtu huasi dini, hata magazetini bwana harusi "ameasi ukapera": wote hao wametoka walipokuwa, wamegeuza mgongo. Mkaidi hajatoka. Yumo humo humo ndani, anasikia, anakataa, na sahani yake ipo. Wanaosema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi wanamkemea, lakini bado wanamhesabu miongoni mwa watakaokula Idi.

Baba hakujibu. Alitia udhu akaenda msikitini, akarudi tumelala.

Alfajiri nikamsikia mlangoni kwa bibi, sauti ya chini: "Mama, mwambie huyo mkaidi wako alete hiyo karatasi ya shule, niione ada ni kiasi gani."