Nyumba ya Kwihara na watu waliopita ndani yake

Ukifika Tabora ukaulizia makumbusho, bodaboda atakupeleka Kwihara, nje kidogo ya mji, na sisi wenyeji tumeshazoea kupaita Tembe la Livingstone. Jina limekaa mpaka watu wengi wanaamini mzee David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, ndo aliijenga ile nyumba, kumbe alikuwa mgeni tu, alikaa kama miezi sita mwaka 1872 akaondoka zake. Mimi hilo jina linaniuma, manake walioishi mle ni wengi na kuna wengine wana haki kubwa zaidi ya kutajwa mlangoni.

Nyumba yenyewe kwa macho ya leo siyo gorofa, ni tembe, paa bapa la udongo, kuta nene, ua katikati, na mlango wa nakshi ule wa Kizanzibari. Hii iliyopo sasa imejengwa upya, lakini ukiingia kwenye kile kivuli na jua la Tabora unavolijua, unaelewa mara moja kwa nini Waarabu walipofika huku wakajenga kwa mtindo wa tembe wa hukuhuku bara. Kwa zama zile hilo lilikuwa jumba la mtu mkubwa. Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, ndo ilikuwa njia panda, misafara ya kutoka Bagamoyo inafika hapa halafu inagawanyika, huyu anaenda Ujiji, yule Karagwe na Buganda, na pembe za ndovu na watumwa wanateremshwa pwani kwa njia hiyohiyo. Utajiri uliojenga majumba ya namna hii ulitoka huko, hilo tusilifiche.

Aliyekuwa na sauti juu ya nyumba hiyo ni Said bin Salim, liwali wa Waarabu pale Unyanyembe. Huyu mzee habari zake hazisemwi kabisa, na wakati mwaka 1857 yeye ndo aliyeongoza msafara wa Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, mpaka wakafika hapa kwetu, halafu miaka mingi baadaye akawa anawapa wazungu nyumba ya kulala mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza ninayemjua kwa uhakika ni Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, Juni 1871, anamtafuta Livingstone. Akajaza vyumba vitambaa vya merikani, shanga na waya za shaba, manake hizo ndo zilikuwa pesa za njiani, na kabla hajapumzika vizuri akajikuta kwenye vita ya Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, na Waarabu, vita ya njia ya biashara, nani apite wapi na alipe nini. Agosti Mirambo akaingia Tabora yenyewe, Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu wakubwa wa hapa, akauawa, sehemu ya mji ikachomwa moto, na kule Kwihara Stanley akaigeuza nyumba kuwa ngome na kupandisha bendera ya Marekani juu ya paa la tembe. Mirambo hakufika Kwihara. Njia ya Ujiji ya siku zote ilikuwa imefungwa, hivo Septemba akazungukia kusini. Mwenzake Shaw, baharia wa Kiingereza, alishindwa njiani akarudishwa Kwihara na akafia hukohuko.

Februari 1872 Stanley akarudi na Livingstone wake, wakakaa wote mle ndani wiki chache, Machi Stanley akateremka pwani kumtafutia mzee wapagazi. Na hapa ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote, ile miezi ya kusubiri. Mzee ana ng'ombe wake, anagandisha maziwa atengeneze jibini ya safari, inatoka chachu kidogo kwa sababu ya joto, anaandika kila siku. Tarehe 1 Mei 1872 akamaliza barua ya gazeti la New York Herald, akiomba baraka za Mungu zimshukie yeyote atakayesaidia kuponya kidonda cha biashara ya watumwa. Maneno hayo yamechongwa kwenye kaburi lake Westminster Abbey kule London, yaani yalitoka Kwihara, Tabora!

Sasa ndani ya nyumba hiyohiyo alikuwepo Halima, mpishi wa Livingstone, mke wa mtumishi wake Amoda. Siku moja Halima akagombana na mwanamke mwingine wa msafara, Ntaoeka, akatoka zake nje. Livingstone akaenda kwa jirani, Sultan bin Ali, akatuma barua ya kumfuatilia, ila Halima alikuwa ameshajirudia mwenyewe, kasimama nje, haingii. Anachotaka ni mzee atoke amwambie ingia ndani. Mzee akatoka, akamwambia, akamuonya wasigombane tena, akampa na nguo nzito ya baridi, halafu akaandika kwamba tangu ampate hajawahi kumkaripia hata mara moja, kwamba mwanamke huyu haibi wala hamruhusu mumewe aibe, na kwamba atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba na shamba Zanzibar wakifika. ATAMPA. Maana yake siku ile barua ya kupinga utumwa ilipoandikwa, aliyekuwa jikoni alikuwa bado hajaachiwa huru kwa maandishi. Hilo nalirudia kichwani kila nikipita ule mlango. Zanzibar mzee hakufika, alifariki tarehe 1 Mei 1873, mwaka kamili baada ya ile barua.

Agosti 1872 waliingia wapagazi 57 waliotumwa na Stanley, akiwemo Jacob Wainwright aliyesoma India, msafara ukaondoka. Oktoba mwaka uliofuata watumishi wake Susi, Chuma na wenzao wakarudi na mwili wa mzee, wameubeba kwa miezi. Kwihara wakamkuta Cameron, afisa wa Kiingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, naye kapewa nyumba ileile na Said bin Salim, anaumwa homa na macho hayaoni vizuri. Said bin Salim na Waarabu wakubwa wakatoka kuupokea mwili kwa heshima. Cameron akashauri wauzike hapahapa, wakakataa. Mbele huko Kasekera wenyeji wakazuia maiti isipite, basi jamaa wakatengeneza maiti ya bandia, wakajifanya wanairudisha Unyanyembe, na mwili wa kweli ukafungwa kama mtumba wa nguo ukaendelea hadi Bagamoyo. Kwa akili na moyo wa namna hiyo!

Baadaye Wajerumani wakaweka boma lao mjini, 1912 reli ikafika Tabora, na misafara ya miguu ikafa, Kwihara ikabaki pembeni.

Wanaosimamia makumbusho mimi nawaomba kitu kimoja, jina la Livingstone liacheni, lakini chini yake ongezeni Said bin Salim, Halima, Ntaoeka, Susi, Chuma, Wainwright. Na wewe ukienda Kwihara, mwambie mtembezaji akuoneshe mlango halafu akusimulie ya Halima. Kama haijui, msimulie wewe.