Siku moja maishani mwangu: sauti ipo, picha hakuna

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua banda langu la ufundi wa TV hapa Tandika, Dar. Sijatoa hata meza nje, bajaji imeshasimama. Mama mmoja anashuka. Siti ya nyuma kuna TV ya inchi 32, imelazwa kifudifudi na kufunikwa kanga. Moyo unanilipuka. Kioo cha flati ni chembamba, ukikilaza kwenye mashimo ya huku kwetu kinajipinda mpaka kinapasuka. Wiki haipiti sijapokea TV iliyotoka nyumbani na ugonjwa mmoja ikafika kwangu na miwili. Jamani, TV husafiri imesimama, mto mbele, mto nyuma, na mtu kaikumbatia. Hii imefika nzima kwa rehema za Mungu.

"Inaongea fundi, ila haionyeshi."

Mteja wa namna hii nampenda. Wengi huja na neno moja tu, "imekufa," halafu wananitazama kama mganga. Namuuliza ilianzaje. Anasema kwa wiki mbili kulikuwa na kivuli cheusi chini upande wa kushoto, wao wakawa wanaangalia hivyo hivyo. Jana usiku umeme ukakatika, uliporudi ikabaki sauti tu. Mpaka hapo sijashika bisibisi na jibu karibu ninalo.

Saa 2. Naiwasha, nashusha pazia la mlangoni, namulika kioo kwa tochi ya simu, kwa ubavu. Mtangazaji wa habari yumo humo ndani, hafifu kama mtu aliye ndani ya maji, anasogeza midomo. Namwita mama aje aone. Kioo cha LCD hakina mwanga wake, ni kama pazia la rangi tu. Mwanga unatoka nyuma yake, kwenye mistari ya taa za LED. Picha ikionekana kwa tochi maana yake bodi kuu inafanya kazi, kioo kinafanya kazi, taa ndizo zimelala.

Mama anashusha pumzi. Kuna fundi alishamwambia ni bodi, tena akamtajia bei ya kuuza mbuzi. Sipendi kumsema mwenzangu wa kazi, lakini tochi kila mtu anayo mfukoni.

Saa 3 mpaka saa 5. Hii ndiyo kazi yenyewe, na hapa redio huwa nazima. Kwanza kapasita kubwa ya bodi ya umeme. Umeme wa ukutani ni volti 230, ukishanyooshwa ndani ya TV unafika kama 325, na kapasita inaweza kuutunza hata baada ya kuchomoa plagi. Ninayo balbu ya zamani yenye waya mbili, naigusisha pale, inameta kidogo na kuzima. Kijana wangu wa kazi alipoanza hapa aliruka hatua hiyo mara moja tu. Hajairudia.

Kisha tunanawa mikono kwa sabuni, wote wawili, na feni tunazima. Ukingo wa kioo una vimkanda laini vyenye chipu ndogo, vinavyokiunganisha na bodi. Kikichanika kimoja umenunua TV ya mteja. Ndiyo maana kioo tunakinyanyua kwa mikono minne, tunahesabu moja mbili tatu kama wabeba jeneza, na hakuna anayeongea mpaka kitue kwenye blanketi. Chini yake kuna karatasi za plastiki za kusambaza mwanga. Kila moja naiwekea alama ya maka kwenye kona, maana ukizirudisha kwa mpangilio mwingine picha inatoka na ukungu, na unyoya mmoja wa vumbi ukibaki katikati utauona kila siku ya maisha yako.

Taa hizo hapo. Stripu tatu, kila moja taa sita. Napitisha testa: inawaka, inawaka, giza. Ile ya chini kushoto ina doa la kahawia katikati. Hesabu inaingia: taa zimefungwa kwa mfuatano, mmoja nyuma ya mwenzake. Hii ilipoungua mwanzo ilipitisha umeme bila kuwaka, ndiyo kile kivuli. Umeme uliporudi kwa kishindo ikakatika kabisa, na mmoja akikata foleni nzima inakufa.

Naweza kubadili taa moja tu nikamaliza haraka. Wapo wanaofanya hivyo. Mimi nabadili seti yote, kwa sababu hizo nyingine zimechoka pamoja naye na mwezi ujao mama atarudi na bajaji ileile. Kijana anapanda bodaboda kwenda Kariakoo na stripu ya zamani mkononi. Usiende na jina la TV peke yake, TV mbili za jina moja na inchi moja zinaweza kuwa na stripu tofauti. Nenda na namba iliyoandikwa kwenye stripu, na uipime urefu.

Anapoondoka anaingia mwanafunzi na TV ya bwenini iliyopigwa na rimoti katika ugomvi. Kioo kina utando wa buibui na wino mweusi. Dakika mbili: kioo kipya kinakaribia bei ya TV mpya, kauze bodi na spika kama spea. Ananishukuru kwa huzuni.

Saa 6:30 mchana. Bibi mmoja wa mtaa wa pili ananipigia, TV yake "imerudi zamani", picha haina rangi. Naenda na begi zima. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, kiti kinaletwa. Kweli, tamthilia yote nyeusi na nyeupe. Nageuza TV: king'amuzi kimechomekwa kwa zile waya tatu, njano, nyeupe na nyekundu. Tundu la njano la TV hii ni hilohilo la kijani la Component, njia nyingine ya kuingizia picha, limepakwa rangi mbili. Mjukuu kachezea rimoti, TV ikadhani imeletewa Component, ikachukua mwanga wa picha na kuacha rangi. Nabonyeza Source, nachagua AV, ndiyo njia ya waya wa njano. Shati la mwigizaji linakuwa jekundu, bibi anapiga vigelegele. Hela nimekataa, ugali na dagaa sikukataa.

Saa 9 alasiri. Kibanda umiza cha jirani. Mechi ni saa 10 na watu wameshalipa, picha inavunjika vipande vya mraba, inaganda, inarudi. Mwenye kibanda anataka kuazima TV nyingine. Namzuia. Enzi za chogo na antena, mawimbi yakipungua ulipata chenga lakini mpira uliuona. Dar mitambo ya analojia ilizimwa 31 Desemba 2012, na kidijitali hakina huruma hiyo: picha iko safi au iko vipande. Vipande vya mraba karibu siku zote vinatoka kabla ya TV. Naingia kwenye menyu ya king'amuzi, nguvu ya mawimbi iko juu, ubora unaruka kama chura. Napanda juu ya bati. Konekta ya kwenye dishi imeota kutu ya kijani, na kebo nikiikata inatoa maji. Chumvi ya bahari na mvua. Nakata mpaka nipate shaba inayong'aa, nafunga konekta mpya, nazungushia mpira, kebo naiachia kitanzi cha kushuka ili maji yadondoke kabla hayajafika mlangoni. Huko chini nasikia kelele. Sijui ni ya picha kurudi au timu kuingia uwanjani.

Saa 12 jioni. TV ya mama imekaa juu ya meza inawaka tangu saa 8, siirudishi bila kuichosha kwanza. Kabla ya kufunga kioo niliandika tarehe kwa maka ndani. Kwenye menyu, mwanga wa taa nimeushusha kutoka 100 hadi 60, kwa sababu joto ndilo linaloua LED. Mama anafika na mwanawe wa kama miaka kumi.

"Nzuri fundi. Ila mbona kama ina kiza?"

Namweleza. Anaitikia, anaelewa, analipa, tunaifunga kati ya mito miwili. Mtoto yeye hasikilizi. Ameshika rimoti na anatafuta menyu.