Abiria wa Bububu: nilivyowahesabu na tulichobadilisha barabarani

Wenye daladala wa ruti ya 502, ya kutoka mjini Zanzibar mpaka Bububu, kauli yao ni moja: abiria wamekwisha, vespa na bodaboda zimewachukua. Lakini sensa ya 2012 iliikuta Unguja na watu 896,721, na ile ya 2022 ikakuta 1,346,332. Watu wameongezeka kwa kiasi cha nusu, na wengi wamejenga mjini na pembezoni mwake, kwenye njia zetu hizi hizi. Kwa hiyo nilipokabidhiwa kusimamia safari za gari za wamiliki kadhaa wa njia hiyo, sikuanza na vespa. Nilianza na kuhesabu.

Hesabu, yaani fedha za siku ambazo tajiri mwenye gari huzipokea jioni kwa dereva, haisemi kitu juu ya abiria. Nilitumia daftari la mistari lenye safu tano: saa gari ilipofika kituoni, waliokuwamo, walioshuka, waliopanda, na waliobaki chini. Safu ya tano ndiyo yenye siri. Mtu mmoja alikaa stendi ya mjini, mwingine Mtoni, mwingine Beit el Ras, kila mmoja mahali anapouona mlango wa gari. Anayehesabu stendi peke yake atadanganyika, kwa sababu pale gari haitoki mpaka ijae, na kila anayetazama ataona biashara ni nzuri. Msihesabu Ijumaa, wala wakati skuli zimefungwa, wala Ramadhani. Siku ya mvua iandikwe pembeni kuwa ni ya mvua, maana siku hiyo hata mwenye vespa hupanda gari.

Waliokuwa wakisubiri tuliwauliza maswali mawili tu: umesubiri tangu saa ngapi, na usiku utarudi na nini. Ukiuliza zaidi gari inafika na hupati jibu.

Kilichojitokeza ni kwamba nauli si shida kubwa. Shida ni kusubiri. Tuchukue mfano wa gari nane, mzunguko wa kwenda na kurudi dakika 80 pamoja na kupumzika. Hapo inapita gari moja kila dakika 10, na anayefika kituoni bila kujua saa husubiri dakika 5 kwa wastani. Sasa gari zifuatane mbili mbili: moja imepita, nyingine dakika 2 nyuma yake, kisha pengo la dakika 18. Gari ni zilezile na mafuta ni yaleyale, lakini wastani wa kusubiri unapanda mpaka zaidi ya dakika 8, kwa kuwa wengi hufika ndani ya lile pengo refu. Gari ya kwanza inajaa mpaka mlangoni, ya pili inapita na mabenchi matupu, na dereva wake anaapa kuwa abiria hakuna.

Chanzo cha pengo ni ile hesabu ya tajiri yenyewe. Dereva aliyepangiwa kiasi kimoja kwa siku hawezi kutoka stendi na watu sita. Atangoja, na akichelewa atakatisha ruti Mtoni ili awahi kugeuza, awaache wa Kibweni na Bububu wakiitazama barabara. Mmoja wao akinunua vespa, huyo harudi tena: chombo kishalipiwa, safari yake sasa ni petroli tu. Gari inazidi kuchelewa kujaa, wanaobaki wanazidi kusubiri, na mwingine naye anaanza kudunduliza ya vespa. Njia hii ishapoteza abiria zamani: reli ya Bububu ilianza mwaka 1905, na motokaa zilipozoeleka barabarani, kufikia miaka ya 1920 ikaacha kubeba watu.

Kwa hiyo tuligawa hesabu. Asubuhi na jioni dereva analeta kamili. Kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 8 mchana tajiri hadai kitu, safari zinalipa mafuta na posho ya dereva na konda, na gari inatoka kwa saa hata ikiwa na watu wanne. Matajiri walikuwa wagumu, na nawaelewa, hasa ZURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta Zanzibar, inapotangaza kuwa imepanda. Kilichowalainisha ni daftari: waliliona kwa macho yao kuwa gari zao mchana zilikuwa zimesimama tu, na gari iliyosimama nayo haileti hesabu.

Kutoka kwa saa kunataka mambo ambayo ukiyaacha mpango unavunjika ndani ya wiki. Saa iwe moja, ya karani wa stendi, si ya simu ya kila dereva. Bububu pawe na dakika 5 za akiba kabla ya kugeuza, la sivyo foleni ya Darajani na Kinazini italimbikiza uchelewaji safari kwa safari. Jedwali la asubuhi lisilingane na la mchana: foleni ikiufikisha mzunguko dakika 104, gari nane zile zile zinatoa moja kila dakika 13, na kulazimisha 10 ni kuwafundisha madereva kukimbizana. Gari moja ikiharibika, usiiache nafasi yake wazi. Saba zilizobaki zitoke kila dakika 11 au 12, na abiria hatahisi sana. Na gari za matajiri wengine wa ruti hiyo lazima ziingie kwenye zamu, kwa sababu anayebaki nyuma akingoja kujaza ataliharibu pengo kwa wote. Tulianzia mchana, saa ambazo hakuna anayezigombania, hapo mazungumzo yakawa mepesi.

Jambo ambalo wengi hawalipi uzito ni gari ya mwisho. Abiria wa saa 12 asubuhi hupotea kwa sababu ya saa 3 usiku. Mtu asiye na hakika ya kurudi haji na gari kabisa, hata kama asubuhi zimejaa tele. Tukaweka saa ya mwisho ya kutoka mjini, ikabandikwa stendi na kwenye vioo vya gari, madereva wakipokezana, na mafuta ya safari hiyo analipa tajiri. Safari yenyewe haina faida. Faida yake inaonekana asubuhi.

Tulishughulikia na kupanda kwenyewe. Gari za mabenchi mlango wake wa nyuma uko juu, na mama mwenye baibui na kikapu cha sokoni hapandi bila kushikwa mkono. Tulichomelea ngazi ya ziada ya chuma cha pembe. Ikiwa chini ya sentimita 30 kutoka ardhini itagonga matuta gari ikijaa, kwani springi hushuka. Sentimita 35 gari ikiwa tupu ni salama. Ishikwe kwenye fremu, si kwenye bodi ya mbao, maana bolti zitachomoka na mbao itapasuka. Kando yake uwekwe mkono wa bomba, tena upande wa kushoto wa anayepanda, kwa kuwa mkono wa kulia ndio wenye kikapu.

Ramadhani jedwali lote linaandikwa upya. Msongamano wa jioni unaanza mapema zaidi, wote wakitaka kuwahi futari, kwa hiyo gari zote ziwe barabarani kuanzia saa 9 alasiri. Kisha zisimame dereva na konda wafuturu, zirudi baada ya isha, na ile ya mwisho itoke mjini nusu saa baada ya tarawehe.